Chupa Mbili kwa Pakiti Moja

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa alipoanza kuharisha. Tuliishi Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, kwa mama mkwe. Siku ya pili macho yake yalikuwa yamezama, nikambeba mbio hadi zahanati. Muuguzi alinipa pakiti ya dawa ya unga, ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Changanya yote na mililita elfu moja za maji yaliyochemshwa," alisema. "Maji yakizidi, haitamsaidia. Yakipungua, itamdhuru. Akianza kukojoa tena, ujue maji yanamrudia mwilini."

Nyumbani chombo pekee chenye kipimo kilikuwa chupa tupu ya sharubati, imeandikwa 50 cl. Kwa haraka nikaichukulia hamsini ile kuwa mililita. Ili nifike elfu, nilihitaji chupa ishirini. Nikaomba sufuria kubwa.

Mama mkwe, aliyekuwa amempakata mtoto, alinikodolea macho. "Chupa ishirini? Kwani mutoto iko ng'ombe?"

Aibu ilinishika, nikaketi kizingitini. Zile herufi mbili hazikuwa za mililita, zilikuwa za sentilita. Nikaanza kunong'ona niliyokaririshwa shuleni: mililita kumi ni sentilita moja, sentilita mia moja ni lita moja. Basi hamsini mara kumi ni mia tano. Chupa mbili tu! Lakini nusu saa iliyopita nilikuwa na uhakika na ishirini. Ningejiaminije?

Jirani yetu, mkimbizi wa Sudan, aliuza mafuta ya taa kwa kopo la lita moja. Nilimkimbilia na chupa yangu.

"Lita moja ni mililita elfu, sivyo?"

"Ndiyo, dada. Jaza uone."

Nikamimina chupa ya kwanza ya maji ya mtungini. Kopo likafika nusu. Ya pili ikalijaza hadi ukingoni, wala tone halikumwagika. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Naye akacheka, bila kujua tunachekea nini.

Nilirudi, nikapima maji yaliyochemka na kupoa, chupa mbili, nikakoroga dawa. Tukamnywesha kijiko kwa kijiko, mimi na mama mkwe kwa zamu. Alasiri mtoto alinikojolea mapajani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Alhamdulillahi!" mama mkwe akapaza sauti. "Nakojoa! Mutoto nakojoa!"

Majirani wakachungulia. Sikuinuka kubadili kitenge.