Juni Ambayo Darasa la Saba Halikufunga

Mwalimu Sylvanus wa Old Moshi aliichukia likizo. Alisema tunaondoka na hesabu kichwani, tunarudi na utomvu wa ndizi mikononi. Basi Juni 1994 aliwatangazia wazazi kwamba darasa la saba halitafunga; tutasoma mfululizo hadi mtihani.

Wazazi walipiga makofi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, na kahawa ilikuwa haimsomeshi mtu tena. Aliyepinga ni Bibi Zita peke yake, aliyemlea mjukuu wake Stella, binti aliyetushinda wote darasani.

"Mwalimu, ng'ombe wangu naye hana likizo," alisema. "Kiangazi hiki majani yako huko chini tambarare. Stella akishinda shuleni, nani atayapandisha?"

Watu walicheka. Mwalimu alicheka, na mimi niliyekuwa nachungulia dirishani nilicheka pia. Kicheko kile kinaniuma hadi leo.

Wiki ya tatu Bibi alishuka mwenyewe na mundu wake. Akiwa anapanda na mzigo kichwani, aliteleza alipovuka mfereji, akavunjika nyonga. Stella akaacha shule ili amuuguze na kulisha ng'ombe. Dawati lake lilikuwa mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kulikalia.

Mwalimu alikwenda kwa Bibi na jani la isale mkononi, kama tufanyavyo Wachagga tunapoomba radhi nzito. Jani hilo halikataliwi.

"Shikamoo, bibi. Nimekosa."

Bibi alilipokea, akaliweka kifuani. "Marahaba. Nimekusamehe, mwalimu. Lakini ng'ombe hali isale."

Kesho yake, baada ya masomo, tulimwona mwalimu akishuka na mundu. Kwetu kubeba majani kichwani ni kazi ya wanawake, na wanaume waliokuwa kilabuni wakinywa mbege walimwita mama Sylvanus. Aliupandisha mzigo hadi zizini kwa Bibi. Jumatatu Stella alikuwa kwenye dawati lake.

Alifaulu, akaenda sekondari. Bibi hakutembea tena, na mwalimu aliendelea kupandisha mzigo ule kila alasiri mpaka Stella alipomaliza kidato cha nne.

Mwaka uliofuata ajali, mzazi mmoja aliuliza mkutanoni kama darasa la saba litafunga Juni. Mwalimu alisema bado hajui. Kwanza atapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani anakata majani. Safari hii hakuna aliyecheka.