Fan Deyuan na Mwisho wa Filamu ya Miao

Tarehe 9 Januari 2014, Zhengzhou, China. Theluji ya majimaji tangu alfajiri. Viatu vya kila mtu vimelowa.

Siku hiyo Fan Deyuan alikaa nyuma, akasikiliza mswada wa mtu mwingine ukisomwa, jambo ambalo halikuwahi kumpata katika kampuni ile ndogo ya filamu. Kwa miaka mingi mwandishi wa vichekesho vya safari alikuwa yeye, na safari zake zote zilikuwa moja: watu wawili wasiopatana wanahangaika kufika nyumbani kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya wa Kichina. Treni inawaacha, basi linaharibika, wanadandia lori la nguruwe, lakini mezani kwa mama lazima wafike.

Msomaji alikuwa Miao Junhe, kijana aliyesomea filamu Marekani. Kabla ya kuanza alieleza kuwa huko watu wa vichekesho hivi hawasafiri kwenda nyumbani, wanatoroka nyumbani. Wanachukua gari la baba bila ruhusa, na raha yote iko katika kupotea.

Fan alijiandaa kutocheka. Wenzake hawakujiandaa. Mhasibu alipaliwa na chai. Shangazi Geng, mfagizi, aliegemea ufagio akafuta machozi. Hata Mkurugenzi Cui, mama asiyecheka ovyo, alijifunika uso kwa faili. Fan alihisi kila kicheko kama kimechomolewa mfukoni mwake.

Kisha ukaja mwisho. Wasafiri wawili, baada ya ugomvi mkubwa, wanakumbatiana kando ya barabara, na mmoja anasema, "Nisamehe, kaka. Nakupenda."

Vicheko vikakatika. Watu wakatazama viatu vyao, kama waliofungua kwa bahati mbaya mlango wa bafu la jirani.

Fan akaingiwa na utamu moyoni.

Cui alisema mwisho ule urekebishwe kabla ya kesho mchana. Ikishindikana, watatengeneza filamu ya Fan, kama kawaida.

Miao akamfuata Fan mezani kwake, akamwita kwa heshima. "Mwalimu Fan, nimekosea wapi? Si walikuwa wanacheka?"

Fan alijua. Wanaume wa huku hawaombani msamaha kwa mdomo. Hutiliana chakula bakulini. "Labda wamechoka tu," alijibu. "Theluji hii."

Jioni mkewe, Rongmei, alitaka habari za huyo kijana. Fan akamsimulia vituko vya mswada ule, apate mtu wa kuubeza naye. Rongmei akaweka vijiti vya kulia chini, akacheka mpaka akashika mbavu. Fan hakukumbuka ni lini kazi yake mwenyewe ilimchekesha hivyo.

"Na mwisho?"

Akamweleza.

"Majitu mazima, barabarani?" Rongmei akaguna. "Ukamwambia?"

"Ana shahada ya Marekani. Mimi nani nimfundishe?"

"Mzee Fan, wivu umekujaa mpaka masikioni." Alisema bila ukali, akaendelea kula. Fan alisema ameshiba.

Asubuhi iliyofuata aliwahi kazini, akamkuta Miao amezungukwa na karatasi zilizokunjwakunjwa. Haukuwa wema uliomleta. Kushinda kwa kunyamaza, na mkewe anajua, kungemkera kuliko kushindwa. Akasema bila kuvua koti:

"Toa maneno yote. Hakuna kukumbatiana. Wakae kwenye kibanda cha tambi. Mkubwa amenye yai, amtilie mwenzake bakulini, amkaripie: kula, litapoa. Basi."

Miao alipiga paja, akaandika haraka haraka, kisha akainua kichwa. "Na huyu mdogo hapendi kiini, Mwalimu. Safari nzima anakitupa. Hapa anakila. Chote, huku kinamkwama kooni."

 Fan asingeliwaza hilo hata angepewa mwaka mzima. Alisema ndiyo, inafaa, akachukua kikombe chake, akaenda kuchota maji ya moto. Kikombe kikajaa, naye akaendelea kusimama palepale.