Kufuli la Bweni la Wasichana

Nakumbuka, mwanangu, siku Mwalimu Mkuu alipotundika kufuli kwenye mlango wa bweni letu. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu Tarime, nami nilikuwa darasa la saba. Msichana mwenzetu alikuwa amekamatwa na vijana akitoka mtoni, akaozwa kwa nguvu. Tangu hapo, kengele ya mwisho ikilia, tunafungiwa. Wavulana wanasoma jioni darasani kwa karabai. Sisi tunasikiliza sauti zao. Na mtihani ulikuwa unakuja.

Nisimwonee Mwalimu. Alikuwa mtu mwema, na baba zetu walikuwa wamemwambia, "Binti yangu akipotea, utajibu wewe." Ningekuwa mimi, labda ningepigilia misumari hata madirisha.

Shauri likafika kwenye mkutano wa wazazi. Bibi yangu, mama yake baba, akasimama.

"Mwalimu, mwanangu, aliyekosa ni nani? Binti au mporaji?"

"Mporaji, mama."

"Mbona kufuli umemfungia binti?"

Watu wakacheka, Mwalimu naye. Sisi tukapiga vigelegele. Bibi akatugeukia.

"Nyamazeni! Nanyi mnakwenda mtoni mmoja mmoja kama kuku wasio na mwenyewe. Ng'ombe akifungiwa zizini kwa kuogopa wezi, njaa itamwiba. Lakini nani humpeleka malishoni bila mchungaji?"

Wakakubaliana mlango ufunguliwe kwa majaribio. Tutembee kwa makundi, na tukiguswa tupige yowe lile la wizi wa ng'ombe. Kwetu yowe hilo ni la wote. Ukilisikia ukabaki umeketi, wazee wanakutoza faini. Ila kupigwa kwa ajili ya binti, sidhani kama liliwahi. Mwalimu akatuonya: litokee jambo moja tu, kufuli linarudi.

Likatokea. Mchana mmoja vijana watatu wakatuvizia mtoni, mmoja akamshika mkono rafiki yangu Ghati. Mimi nilibaki nimeinama na debe langu majini, nasema kweli. Ghati mwenyewe akaanza yowe, wenzetu wakadakia, kilima cha pili kikaitikia, na cha tatu. Debe langu halijajaa, wanaume wamefika na marungu, wanawake na majembe. Mzee mmoja alikuja na povu la sabuni shavuni, amenyoa upande mmoja.

"Tulikuwa tunaomba maji tu!" kijana akalia.

"Maji unayaomba kwa kumvuta mtu mkono?" Bibi akamuuliza.

Mwalimu akafika anahema, kufuli mkononi. Tukasogeleana. Akatutazama: hakuna aliyepungua. Akageuka, akaenda kulitundika kwenye ghala la shule.

"Mahindi," akasema, "hayajui kupiga yowe."

Jioni ile tulisoma kwa karabai. Oo, tulisoma! Ghati alichaguliwa kwenda sekondari. Mimi sikuchaguliwa, na lawama ni ya hesabu, si ya kufuli.

Mwanangu, leo mwalimu mkuu ni wewe, ndiwe unayelinda watoto wa watu shuleni. Uzio uweke, sikukatazi, hatari zipo. Lakini usimlinde mtoto mpaka akasahau kutembea. Mwache atoke na wenzake, mfundishe kupaza sauti, kisha wewe na kijiji chote muwe watu wa kuitika. Mlinzi mmoja husinzia; vilima vyote havisinzii pamoja.

Nenda, Mungu akufungulie milango. Na siku utakapoita, usikose wa kukuitikia.