Kamba wa Plastiki na Kofia ya Mama Mkwe

Aibu yangu ina rangi, na rangi yenyewe ni zambarau iliyovurugika na kahawia. Mpaka leo nikiiona kwenye kitenge au kwenye mlango wa gari masikio yanapata moto, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Wakenya wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika kule Guangzhou, maana wao wameshaitia chumvi mpaka wanadai nilizama nikaokolewa na polisi (sikuzama, maji yalinifika kiunoni, na polisi hakuwepo).

Miaka ile nilikuwa mwanafunzi Guangzhou, China, na siku nisizokuwa na darasa niliwatafsiria wafanyabiashara wetu sokoni. Mji wote ulikuwa unajengwa. Unalala na kiwanja mbele ya dirisha, ukiamka baada ya muda unakuta ghorofa lina mapazia, na hali hiyo ilituambukiza sote, kila mtu alitembea kama aliyeahidiwa kitu.

Njoroge alikuwa ameahidiwa na nafsi yake tu. Alitoka Naivasha, mtu mzima mpole, mwenye mashua ya kukodisha wageni. Katika ziwa lao kuna samaki wa mdomo mpana wanayemwita besi, ambaye watu husafiri kutoka mbali kumvua kwa mchezo, na huyo besi humwambii kitu kwa kamba wa ziwani, yule kiumbe wa magamba mwenye magando mawili kama ya kaa. Wageni huja na kamba wa plastiki laini kama ulimi, wakiondoka huwaacha wale waliotafunwa, na Njoroge kwa miaka alikuwa akiwaokota na kuwafufua: huyu hana gando, yule hana mkia, yule kichwa kimechanika kwa ndoana. Alitaka atengenezewe wa kwake, wapya, awauze pale pale ziwani.

Nikampeleka Yide Lu, barabara ya maduka ya vitu vya kuchezea, kwa mama mmoja mwenye kiwanda cha wanasesere wa mpira, mijusi na pweza, ambaye sote tulimwita laobanniang, yaani bosi mwanamke. Alimgeuzageuza kamba mmoja kiganjani, kisha akasema lile neno ambalo kila Mswahili wa Guangzhou analijua hata kama hajui jingine: "Bu xing." Haiwezekani. Yeye hupokea oda za kontena, si za mfuko.

Lakini hakumrudisha yule kamba. Alimbonyeza tena. "Maisha yangu yote natengeneza vya kuchezea watoto," akasema, "cha kuchezea samaki sijawahi. Jumapili tunakula kwa shemeji yangu, Panyu, anafuga hao hao besi, ana bwawa ambalo watu hulipa kuvua. Nionyesheni. Samaki akila, nachonga kalibu ya kuwamimina, hata kwa oda ndogo. Asipokula, tunakula sisi, tunaachana kwa amani."

Njoroge alikuwa anarudi Kenya katikati ya wiki iliyofuata. Ilikuwa Jumapili hiyo au basi.

Jumamosi alikwenda soko la Zhongda kumtafutia mkewe vitambaa, na kwa kuogopa msongamano akaniachia mzigo wake wa kamba. "Shabani, nishikie hii. Usiwatoe kwenye mifuko yao, sawa?" Nikasema sawa. Sikuuliza kwa nini, na hapo ndipo yote yalipoanzia.

Kwa sababu, jamani, ile mifuko! Mmoja ulikuwa pakiti ya maziwa iliyokatwa, mwingine umefungwa kwa uzi wa kiatu, yote imefifia na kunata. Nikamwona kwa mawazo laobanniang akiitazama, nikaona haya kwa niaba ya Afrika Mashariki nzima (hakuna aliyenituma). Nilikuwa nimemaliza kula wali kwenye mgahawa wetu wa Xiaobei, nikamwomba mwenye mgahawa boksi safi la teki-awei, lile jeupe jepesi kama povu lililokauka, nikawapanga kamba wote humo kwa rangi: zambarau, kahawia, kijani cha majani makavu, mkia kwa kichwa. Nilipomaliza nikakaa nikawatazama. Walipendeza hasa. Nikaitupa ile mifuko.

Jumapili laobanniang alituletea gari. Nilivaa shati jeupe na tai, boksi nimelipakata kama keki ya harusi, joto la Guangzhou limetushika shingoni. Panyu tulikuta bwawa pana la mraba chini ya jua kali, bila jani wala tawi, na nyuma yake winchi za ujenzi zimeinamia anga. Kando palikuwa na banda la mabati, meza ya chai iliyopakwa vanishi mpaka unajiona uso, na ukoo mzima: shemeji mtu, watoto, na mama mkwe wa laobanniang, bibi mdogo aliyejifunika kofia ya majani pana kama ungo. Wavuvi wengine wakaweka chini fimbo zao za kuvulia, wakaja kuwaona Waafrika.

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno ya Kichina, mazuri, yenye maji na subira ndani yake. Nikayasema, kisha nikafungua boksi.

Halikufunguka. Nikavuta. Kifuniko kikaja na nyuzi ndefu kama bablishi iliyokanyagwa juani, na chini yake hapakuwa na kamba tena, palikuwa na donge moja, zambarau na kahawia, na magando yamechomoza huku na huku kama ya watu wanaoomba msaada. Kitako cha boksi kilikuwa kimeliwa, na kilichobaki kilikuwa kwenye suruali yangu.

"Shabani," Njoroge akasema taratibu. "Uliwatoa kwenye mifuko."

"Nilitaka wapendeze, kaka."

"Wampendeze nani? Samaki?" Akapumua. "Hii plastiki iko na mafuta, bwana. Mafuta yake hula hilo boksi. Ukichanganya rangi, zinakulana pia."

Nikaona bora nijirekebishe haraka, nikaliweka lile donge juu ya meza ya chai ili tulichambue. Nilipolinyanyua, liliondoka na vanishi. Shemeji mtu alitoa sauti ambayo haihitaji mkalimani.

Njoroge hakugombana. Aliketi chini, akatoa kisu na kiberiti cha gesi, akaanza kuwakata kamba wake kutoka kwenye donge mmoja mmoja. Aliyechanika kichwa alimpitishia moto kidogo, akabana kwa vidole, jeraha likafunga. Mwingine alikuwa amebaki kiuno na mkia, huyo akamchomeka kwenye ndoana yenye kichwa cha madini ya risasi, kwenye mshipi wa fimbo aliyoazima, ncha ikachomoza mgongoni. "Huyu ni wa mahali peupe," akasema, "ncha iko nje, inashika chochote. Usimtupe karibu na kitu." Akageuka kumshughulikia wa pili, na fimbo ikawa imeegemea tu pale, na mimi nilitamani sana kusaidia.

Nikaichukua. Nikarudi nyuma hatua, nikaizungusha kama nilivyowaona wale wavuvi wakifanya, nikasikia kitu kinashika, nikadhani ni upepo, nikarusha kwa nguvu zote.

Ikaruka kofia ya mama mkwe.

Iliruka vizuri, sina budi kusema, ikazunguka juani ikatua katikati ya bwawa. Nikavuta ili niirudishe, mshipi ukakatika, mimi nikarudi kinyumenyume, nikajirekebisha mbele, na ukingo wa bwawa ulikuwa tope. Niliingia majini na tai yangu.

"Mrefu hivi na hajui kusimama!" bibi akapiga kelele, kichwa wazi. "Kofia yangu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Laobanniang hakucheka. Aliitazama meza, akaitazama kofia, akaniambia maneno machache na kuanza kuelekea bandani.

"Anasema nini?" Njoroge akauliza.

"Anasema chakula kiko tayari."

"Nimeona uso wake. Anasema nini?"

Nikiwa nimesimama kiunoni majini, nikamtafsiria: "Anasema tule, tuachane kwa amani."

Njoroge alikuwa anaitazama ile kofia inavyoelea. "Usisogee," akasema. "Usitikise hayo maji hata kidogo. Bwawa lote halina kivuli, na besi ni mtu wa kivuli. Huyo bibi ametupatia nyumba ya kumtegea."

Akachukua kamba wake wa mwisho, mwenye gando moja, na fimbo ya mvuvi mmoja. Akavisha mshipi kipande cha risasi chenye umbo la tone, akaingiza ndoana puani mwa kamba, akaitoa kidevuni, akaigeuza, akaizamisha ncha tena tumboni mpaka isionekane. Kisha akarusha, na yule kamba akatua juu ya kofia. Juu yake kabisa!

Bibi akapiga kelele tena. Mimi nikafumba macho, nikijua sasa kofia imeshikwa mara ya pili na safari hii tutafukuzwa. Nilipofumbua, kamba alikuwa anatambaa juu ya majani ya ile kofia kama mzima, Njoroge anamvuta kidogo kidogo, na kwa kuwa ncha imejificha haikushika hata unyasi. Akafika ukingoni. Akaning'inia. Akadondoka.

Maji yakapasuka. Kofia ilirushwa pembeni kama kifuniko cha sufuria, fimbo ikapinda, wale wavuvi wote wakapiga yowe moja, na bibi, yule yule bibi, akashika mkono wa Njoroge akimhimiza, "Vuta! Vuta! Vuta!" Besi akaja mpaka mbele yangu, mgongo wa kijani, mdomo unaoweza kumeza ngumi, nikamkumbatia na shati langu na kumtoa nchi kavu, na hicho ndicho kitu pekee nilichofanya sawasawa siku hiyo.

Laobanniang alirudi kutoka bandani. Akachuchumaa, akaingiza vidole mdomoni mwa samaki, akamtoa yule kamba mwenye gando moja, akamfutia kwenye sketi yake. Akambonyeza. Kwa mara ya kwanza nilimwona anatabasamu.

"Mwambie gando la pili nitalichonga kwa kufuata hili," akasema. "Jumatatu aje kiwandani aone tunavyochonga. Oda ndogo, sawa." Kisha akaninyooshea kidole, ninavyodondosha maji na tope. "Na huyu?"

Nikamtafsiria Njoroge, maana ndiyo kazi yangu, hata swali lililonihusu. Akaanza kucheka polepole, kisha kwa sauti.

"Mwambie unakuja. Nani mwingine atanisemea?" Akanifuta tope begani. "Lakini mwambie pia hutashika kitu."

Nikamtafsiria hivyo hivyo, neno kwa neno, mbele ya ukoo mzima. Na Jumatatu nilikwenda, nikazungumza asubuhi yote, mikono mfukoni.