Nne na Kumi Zinakutana Wapi

Shida ilinianza mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alikufa kijijini kwetu Abuku, huku Koboko, akaniacha na madarasa mawili ya shule na jembe lisilo na mpini. Nilikwenda Arua, nikabeba maji ya ujenzi kule mlimani miaka mitatu. Sikuomba mtu kitu.

Mwaka 1974 nilirudi Koboko, nikapata kazi kwa fundi Mkongomani aliyekuwa akijenga duka. Nilikanyaga udongo. Nilichotaka ni mwiko. Anayeshika mwiko ni fundi. Anayekanyaga udongo ni miguu tu.

Siku moja fundi akaniita kwenye kona. Ukuta wa mbele ulikuwa wa matofali madogo ya kuchoma, kila mstari inchi nne pamoja na udongo wake. Ukuta wa pembeni ulikuwa wa matofali makubwa mabichi, kila mstari inchi kumi. Mistari ya kuta hizo ikifika kimo kimoja, unalaza waya juu ya zote mbili, ili kona isifunguke.

"Unataka mwiko? Basi sema, hizi mbili zinakutana mara ya kwanza inchi ngapi? Ukisema sawa, mwiko iko yako."

Shuleni nilitoka na hesabu moja tu, kuzidisha. Nne mara kumi.

"Arobaini," nikasema, bila kupepesa macho.

Hakubisha. Alikwenda Arua kutafuta mabati, akaniachia kona niijenge. Aliporudi, kuta zilikuwa zimekutana kwenye arobaini, sawasawa kabisa, nami nimesimama pale kama mwenye duka. Lakini chini kona ilikuwa na ufa. Fundi akainama, akaweka kiganja kwenye inchi ishirini. Mistari mitano ya madogo, miwili ya makubwa. Kimo kimoja.

"Na hapa iko nini? Zilikutana hapa, weye ukapita mbio kama mutu ameona mama mukwe!"

Wenzangu wakacheka mpaka wakaacha kazi. Tulibomoa kona. Mimi nikarudi kwenye udongo, na kichwa changu kikabaki kwenye arobaini. Kwani arobaini si kweli? Si zilikutana? Na hiyo ishirini ilitoka wapi, wakati nilizidisha vizuri?

Nikachukua tete refu. Upande mmoja nikalikata alama kila inchi nne, upande wa pili kila inchi kumi. Zikakutana kwenye ishirini. Nikaona nimeshika siri: zidisha, kisha gawa nusu.

Mwaka uliofuata tukapata nyumba nyingine. Madogo yalikuwa ya inchi nne vilevile, makubwa ya inchi tisa.

"Haya, baba wa arobaini," fundi akasema, "leo tunafunga wapi?"

Nne mara tisa, thelathini na sita. Nusu yake, kumi na nane. Mdomo ulishafunguka, nikaufunga. Nikakata tete jipya. Kwenye kumi na nane alama ya upande wa inchi tisa ilisimama peke yake. Za upande wa nne zilikuwa kwenye kumi na sita na ishirini. Nikapanda na tete mpaka juu. Zilikutana kwenye thelathini na sita, si chini ya hapo.

"Thelathini na sita, mzee. Na sielewi kwa nini."

"Mbali sana. Basi tutakata tofali za hapa chini, zikutane mapema." Akanipa mwiko. "Leo umejua mbele ya kujenga, si nyuma ya kubomoa."

Mjukuu wangu ananieleza kwamba nne na kumi zote zina mbili ndani yake, ila nne na tisa hazina kitu cha pamoja. Namwambia anionyeshe hiyo mbili iko wapi kwenye tofali. Anacheka. Mimi sicheki, bado naitafuta.

Leo nina nyumba mbili za matofali ya kuchoma hapa Koboko, shamba Abuku, ng'ombe sita, baiskeli, timazi, mwiko uleule niliovuka nao mpaka wa nchi nikikimbia vita mwaka 1979, na matete kumi na moja, yote yamekatwa alama pande mbili.