Babu wa Kwenye Jokofu

Saa tatu asubuhi, nje jua limeshapamba moto, lakini katika chumba hiki kisicho na dirisha hakuna asubuhi wala jioni. Mwanamke mfupi, glavu juu ya glavu, barakoa hadi chini ya macho, anasimama mbele ya jokofu refu kama kabati la nguo. Anaugonga mlango wake kwa kidole.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, ila usishike kitu," anajibu mzee aliyeinamia darubini nyuma yake.

Ndipo anapofungua. Baridi ya humo ni ile ambayo ukitamka neno mbele yake, neno linaganda na kukuangukia miguuni.

Hakuna anayekumbuka nani alianzisha desturi hiyo ya kubisha. Ndani mna vipande vya misuli, kila kimoja kama punje ya mchele, katika vichupa vyenye namba. "Kila kichupa ni mtu," anasema mtafiti huyu mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. "Wengine wako hai, wengine tumeshawazika. Huingii kwa watu kama unaingia zizini."

Mtaani kwake wanamwita Daktari wa Nyama. Mwenye bucha wa pale kona humchokoza kila akipita: "Daktari, pima na hii yangu basi, wateja wanalalamika ni ngumu!" Naye humjibu bila kupunguza mwendo: "Hiyo haitaki daktari, inataka msumeno."

Anachokitafuta kazini, hata hivyo, hakichekeshi. Kuna maradhi ambayo hayaletwi na kijidudu chochote. Huletwa na prioni, yaani protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya. Ikishajikunja humgusa jirani yake, naye akajikunja vilevile, jirani kwa jirani, mpaka ubongo unakuwa matundu matupu kama sponji.

"Haina uhai," anasema, akishusha sauti kana kwamba kitu hicho kina masikio. "Sasa kisicho na uhai utakiuaje? Ukikichemsha, kinakuangalia tu. Ukikiloweka kwenye dawa ya kuhifadhia maiti, ndiyo kwanza kinakomaa."

Yeye haanzii kwenye ubongo. Anaanzia pajani. Ndani ya seli za misuli mna mitokondria, majiko madogo mno yanayoupa mwili nguvu. Mtu akizeeka, majiko hayo huvimba, hupasuka, mengine huzimika kabisa. Anaamini kuwa kwa mwenye prioni huzimika mapema, miaka mingi kabla akili haijaanza kuyumba. Akithibitisha hilo, siku dawa itakapopatikana itamkuta mgonjwa bado ni mtu.

Chanzo cha yote kilikuwa sebuleni kwao. Mama yake, fundi cherehani, aliacha kulala. Usingizi ulimhama kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba, haukurudi tena. Mganga huyu akasema ni mawazo, yule akasema ni presha. Miezi ikapita. Mwishoni alikuwa akikaa kitandani macho wazi, akitunga uzi usiokuwepo kwenye sindano isiyokuwepo. Analamba ncha ya uzi, anafumba jicho moja, anatunga.

"Tunamuuliza, Mama, unashona nini? Anasema, 'Nguo ya mgeni. Amesimama hapo mlangoni, hamumwoni?' Basi sote tunageuka. Unajua fika hakuna mtu, na bado unageuka."

Miaka ikaenda. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, pande la mtu, akaanza kukosa usingizi naye. Huyu hakuwahi kushika sindano maishani mwake. Hata kifungo cha shati alikuwa akishonewa. Lakini alipofikia mwisho, alilamba ncha ya uzi usioonekana, akafumba jicho moja, akatunga.

Maradhi hayo hurithiwa, na mtoto wa mgonjwa ana nusu ya bahati nzuri na nusu ya mbaya. Kipimo cha damu kipo. Daktari wa Nyama hajawahi kukubali kupimwa. "Kutafiti ni kazi," anasema. "Kujua ni kitu kingine."

Binti yake wa pekee, ambaye amerithi cherehani ya bibi yake, ameolewa mwaka jana, na suala hilo amelivalia njuga.

"Mama, nataka nijue kabla sijazaa."

"Si ukapimwe, mama? Nani kakuzuia?"

"Nikapimwa mimi, nikakutwa nayo, lako si litakuwa limeshajulikana? Sitaki nikuambie kwa mlango wa nyuma. Nakungoja wewe."

Mama alikuwa akiangalia kando, binti akiwa mbele ya cherehani. Hawezi kumtazama mwanawe akitunga uzi. Binti analijua hilo, na siku hizi mama akibisha hodi huweka sindano chini.

Mambo yalibadilika mwaka huu, utafiti ulipohitaji misuli ya watu wenye afya, ya kulinganishia. Wafanyakazi wote walijitolea mapaja yao, kuanzia mlinzi wa getini hadi yeye mwenyewe. Mtunza stoo akavipa vichupa namba na kuyaficha majina, ili anayetazama asijue anamtazama nani.

Kwenye darubini, kichupa kimoja kikawashangaza. Majiko yake yalikuwa yamevimba na kuchanika, mengine maganda matupu.

"Huyu kala chumvi ya gunia zima," alisema mzee wa darubini. Wakambatiza jina: Babu. Wote wakamshuku mlinzi, ambaye yuko mbioni kustaafu.

"Mimi?" mlinzi aliwaka. "Majiko yangu bado yanapika pilau na mboga kwa pamoja! Mtafuteni Babu wenu kwingine."

Kikafuata kipimo cha pili. Kipande cha msuli hutiwa kwenye maji yenye protini nzima, isiyojikunja vibaya, mashine ikayatikisa. Kama mna prioni, maji huwaka kijani kibichi. Vichupa vya wagonjwa viliwaka, kama ilivyotarajiwa. Vya wenye afya vilikaa gizani. Kasoro Babu.

Aliwaka polepole, kama jicho linalofumbuka.

Inasemekana kila mtu mle chumbani alijishika paja. Utaratibu ni kwamba mwenye afya akiwaka, jina lifunuliwe. Mtunza stoo alilitafuta, akalisoma kimoyomoyo, akavua miwani.

"Dada," alisema, "Babu ni wewe."

Daktari wa Nyama alivuta beseni la vifaa safi, akaanza kukagua kimoja kimoja. Katika maabara hiyo, vifaa vya wagonjwa hupakwa rangi nyekundu ya kucha, ili visichanganyike na vingine, na vikishatumika huchomwa. Kwenye beseni safi alikuta kibanio kidogo chenye rangi nyekundu iliyobanduka, imebaki kwenye kona tu.

Mzee wa darubini, aliyetoka maabara ya wanyama ambako kifaa kikichemshwa na kulowekwa kimepona, alikuwa amekionea huruma, asikichome. Rangi ikabandukia kwenye sufuria.

"Nilikichemsha, Daktari. Nikakiloweka siku nzima kwenye dawa."

"Umekikomaza, mzee wangu."

Kwa hiyo huenda kilichowaka ni uchafu wa kibanio hicho, si msuli wake. Furaha ilirejea chumbani, mlinzi akadai aombwe radhi. Ni Daktari wa Nyama peke yake aliyebaki amesimama, kwa sababu kibanio kinaweza kupeleka prioni mahali, lakini hakiwezi kuyazeesha majiko.

"Labda ni kazi, labda ni kukosa kulala," anasema sasa, akiurudishia mlango wa jokofu. Anaulizwa ni tangu lini halali. Anacheka. "Tangu Babu awake? Nani angelala?"

Alhamisi ijayo atatoa kipande kingine, paja la pili, kwa kibanio kipya ambacho hakijagusa mtu. Safari hii kichupa hakitakuwa na namba. Kitaandikwa jina lake, na atatoa damu pia. Ametaka binti yake awepo, nyuma ya kioo cha mlango, asikie jibu saa ileile atakayolisikia yeye.

Binti amekuja leo kupaona. Anapiga kioo kwa kidole. "Hodi, Babu!"

Mama anacheka mpaka barakoa inamvuka. "Akiwaka tena, mama, tutajua pa kuanzia," anamwambia kupitia kioo. "Asipowaka, nitakuja kwako nilale. Hata mchana, mniache tu."

"Njoo ulale," binti anajibu. "Mimi nitakaa pembeni nikuangalie mikono."

Daktari wa Nyama anaitazama mikono yake kidogo, kisha anaitia mifukoni.