Nta Kwenye Njuga za Mjomba

Chwa. Kisha kimya. Kisha chwa-chwa-chwa, kama kunde kavu zinazotikiswa ndani ya kibuyu. Mpaka leo nikisikia sauti inayofanana na hiyo, hata kama ni funguo za mpita njia, mkono wangu hutaka kwenda kwenye sufuria ya uji. Hizo zilikuwa njuga za mjomba wangu. Na zililia mjomba akiwa ameketi kitako, hapana ngoma wala mpiga ngoma.

Lakini nianze na pasi, maana bila ile pasi njuga zingebaki mkobani.

Wakati huo serikali ilikuwa ya Mwingereza. Sisi tulikaa Isevya, hapa Tabora: mimi, bibi mzaa mama, na mjomba, ambaye bibi alisema ni kitindamimba wake kwa kuzaliwa na kifungua mimba kwa usumbufu. Mimi nilikuwa nimesoma madarasa machache ya misheni, nikatoka na hati nzuri na hamu kubwa ya kuota mchana. Niliota duka langu la kushona, lenye cherehani inayong'aa na kioo kirefu ambacho wake za wakubwa wangejigeuza mbele yake wakisema, "Hebu niongezee marinda hapa." Kwa ajili ya ndoto hiyo nilikwenda kila siku Kanyenye, kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa mjini, mtu wa kanzu safi na ulimi usiopoa. Alinifundisha vifungo na pindo. Kazi yangu nyingine ilikuwa kupitisha uzi kwenye donge la nta ili usikatike. Nta kwetu haikosekani. Nchi nzima ni mizinga ya nyuki.

Mjomba naye alikuwa mcheza ngoma, na si mcheza ngoma wa kubahatisha. Aliitwa kwenye harusi Ntalikwa na huko mbele. Alipokanyaga chini na njuga zake, wazee walisahau magongo yao. Sasa desturi yetu ni kwamba mcheza ngoma akifika hupewa kata ya wanzuki kabla hajapewa kiti. Wanzuki ni pombe ya asali. Huingia kama mgeni mpole, kisha hubadilisha kufuli. Watu walimpenda mjomba, na kila aliyempenda alimpa kata. Wakampenda, wakampenda, mpaka miguu ikasahau kucheza. Mialiko ikakoma. Kiu haikukoma.

Ndipo vitu vya Isevya vikaanza kutembea. Mfuniko wa sufuria. Jembe. Kanga ya bibi, ikiwa bado mbichi kwenye kamba. Vyote vilikwenda kwa mama mmoja aliyepika wanzuki mtaa wa nyuma, ambaye hakumwuliza mtu kitu kimetoka wapi, aliuliza tu kina tundu au hakina. Kitu kimoja mjomba hakukipeleka huko hata siku kiu ilipomtoa machozi: njuga zake.

Siku ya pasi, bibi alikuwa anachambua mchicha, mimi nikiwa nyumbani kwa sababu ya homa ndogo. Mjomba aliingia mbio, koti limefungwa mpaka kooni, na hali jua lilikuwa la kukaanga karanga.

"Mayu, maji!" akamwita mama yake.

"Ya kunywa?"

"Ya kunimwagia!"

Moshi ulikuwa unamtoka kifuani. Bibi hakuuliza tena, akammwagia mtungi mzima. Koti lilipofunguka likachungulia jogoo wa chuma, yule anayekaa juu ya mfuniko wa pasi ya mkaa. Pasi ya fundi wangu. Mjomba aliichukua na makaa yake ndani.

Mara fundi akatokea, anahema, utepe wa kupimia ukiruka shingoni.

"Mama, shikamoo. Mwanao ana moshi, na moshi ule ni wangu!"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza."

"Sikai! Pasi ndiyo riziki yangu. Leo tunakwenda kwa liwali. Akavunje mawe kidogo, mikono ipate kazi."

Mjomba alikuwa amesimama kwenye tope lake, kifua kimebabuka, kama kuku aliyenusurika chunguni. Mimi nililia. Nililia kwa ajili ya mjomba, na kidogo, nisiseme uongo, kwa ajili ya kile kioo kirefu, kwa kuwa nilijua fundi hatamfundisha mpwa wa mwizi wake.

Bibi hakukana. "Kosa lake silifuniki," alisema. "Lakini wanaotoka jela nimewaona. Huingia na kiu, hutoka na kiu na hasira juu yake. Wewe unataka nini, mwanangu fundi? Mawe, au pasi yako ibaki mezani?"

"Vyote viwili."

"Basi nisikilize. Baba yangu alitangulia misafara ya pembe, kutoka hapa mpaka pwani. Alivaa njuga miguuni. Unajua kwa nini? Ili kijiji cha mbele kisikie na kujua, hawa wanaokuja si wezi. Mwenye nia mbaya hunyata. Mwenye nia njema hupiga kelele. Huyu wangu ana njuga. Azivae. Kila aendako asikike."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia, akafikiri. Kisha akasema, "Nitazishona mimi mwenyewe kwenye ukanda wa ngozi, kwa mshono wangu. Hakuna wa kuufumua nisijue. Nitakata mimi, siku nitakayoridhika. Na akiiba tena, mama, usinipikie hata chai. Moja kwa moja kwa liwali."

"Haya," alisema bibi.

"Na mimi siulizwi?" mjomba akauliza.

"Pasi uliiuliza?" fundi akajibu.

Hivyo mjomba akavishwa. Bibi akaongeza la kwake: apite nyumba kwa nyumba, aseme kwa kinywa chake alichochukua, na alipe kwa jasho. Mimi nilimsindikiza. Jirani mmoja aliposikia kwamba mchi wake uliuzwa na mjomba, alishika kichwa. "Kumbe ni wewe! Nimemsema wifi yangu tangu masika kwa ajili ya mchi ule! Amehama kwa aibu!" Mjomba alimtwangia mahindi kwa mchi wa kuazima, njuga zikilia kila pigo, na yule mama, mkali vile, ukafika wakati mabega yakaanza kumcheza mwenyewe.

Njiani watoto waliimba, "Njuga hiyo! Ficheni vyungu!" Wanawake sokoni wakamtania, "Karibu bwana harusi! Bibi harusi yuko wapi?" Mwingine akadakia, "Yuko ndani ya kata!" Mjomba aliinua kofia. Aibu alikuwa nayo, lakini watu walimtazama miguu tena, na naapa alitembea vizuri zaidi kuliko alivyotembea kwa muda mrefu.

Fundi akanirudisha barazani. Nikaota kioo changu.

Kisha donge la nta likapotea. Nikalaumu panya.

Ilikuwa adhuhuri, miezi ile ya joto kabla ya mvua, na fundi alikuwa amekwenda msikitini. Jiko la mkaa wa pasi liliwaka chini ya meza. Mimi nilikuwa na sindano mkononi na mawazo mbali, namshonea gauni mke wa gavana. Fundi aliporudi, akavuta pasi, akaanza kunyoosha kanzu ya mteja. Ndipo nikaona, chini ya kitambaa kilichoning'inia mezani, dole gumba la mguu. Nalijua lile dole.

Alikuwa ameingia bila hata chwa moja. Nta yangu ilikuwa imesindiliwa kwenye kila ufa wa kila njuga. Panya alikuwa mjomba.

Nikamtazama fundi, anaimba kaswida puani, anapiga pasi. Nikalitazama dole. Na pale chini, sentimita chache tu kutoka kwenye njuga, jiko lilikuwa limekolea jekundu. Tone la kwanza la nta likaanguka sakafuni. Likaja la pili.

Chwa.

"Nini hiyo?" fundi akasimama.

"Paka," nikasema.

Chwa-chwa.

"Paka wa nani huyo mcheza ngoma?"

Chwa-chwa-chwa-chwa! Nta iliyoyeyuka ilikuwa inamwunguza vifundo vya miguu, na mjomba akatoka chini ya meza akirukaruka, akicheza kama ambavyo hajacheza tangu harusi ya mwisho. Mkononi ameshika mkasi wa fundi.

Sikucheka. Nimecheka baadaye, nikiwa peke yangu, mpaka nikaumwa mbavu. Wakati ule niliona mlango wa jela tu.

Fundi akaweka pasi chini polepole. "Mkasi wa nini?"

"Wa kukatia hizi," alisema mjomba.

"Halafu?"

Mjomba akaugeuza mkasi mkononi.

"Halafu, bwana?"

"Halafu nikamwachie mkasi yule mama wa wanzuki, anipimie kata."

Fundi akakaa kwenye kigoda changu. "Ungeweza kusema ulitaka kukata tu."

"Ningeweza."

Hapo ndipo mjomba alipoanza kutetemeka. Si kwa woga. Mtetemeko ule sisi nyumbani tuliuzoea, ulikuja kila pombe ilipochelewa, na kwa kuuzoea tulikuwa tumeacha kuuona. Lakini sasa njuga chache zilizokwisha kuzibuka zikausema. Zililia zenyewe, nyembamba, bila kupumzika. Fundi aliitazama ile miguu, hakutazama uso.

"Ndivyo unavyoamka?"

"Asubuhi ni zaidi."

"Na ukinywa?"

"Zinatulia."

Nje mtu aliuliza kama kanzu yake iko tayari, akajibiwa aje kesho. Mwishowe fundi akanyoosha kiganja. "Mkasi nipe mkononi, usiuweke chini." Mjomba akampa. "Liwali hajahama, yupo pale pale. Kesho asubuhi, kabla hujapita kwa yule mama, uwe hapa unapuliza mkaa wangu. Usipokuja, nitakuja mimi na askari. Na usinishukuru, sijakusamehe. Kusamehe ni kazi nyingine, sijaianza."

Mjomba alikuja. Aliketi karibu na jiko na kipepeo cha ukindu, na njuga zilipoanza kulia, fundi alisema bila kuinua kichwa, "Binti, uji." Nikampa uji wa ulezi, wa moto, na sukari. Zikilia tena, "Binti, uji." Cherehani ikilia, mtu mzima alikunywa kwa mikono miwili kama mtoto.

Nisikudanganye kwamba kila siku ilikuwa hivyo. Siku nyingine alikuwa anatoroka. Basi ungesikia Kanyenye nzima inalia chwa-chwa, na fundi anasimama barazani na utepe wake, anapaza sauti, "Ninakusikia, bwana! Umefika kwa muuza chumvi! Sasa unakata kona!" Na wauza chumvi wote wananyoosha vidole. Akirudi amelewa, hupuliza mkaa vilevile, ila uji wa siku hiyo hauna sukari. Bibi alisema adhabu hiyo ni kali kuliko ya Mwingereza.

Karibu na mavuno ya karanga kukaja ujumbe kutoka Ntalikwa: kuna harusi, wanamtaka mjomba acheze, na wamesikia habari zake, kwa hiyo atapewa kiti kwanza. Mjomba alipuliza mkaa mpaka cheche zikatoboa pazia.

Fundi akakohoa. "Siku miguu hiyo itakaponyamaza tangu nifunguapo mlango mpaka adhana ya adhuhuri, nitaukata mshono wangu. Ukacheze ukiwa umezivaa kwa hiari yako. Kabla ya hapo, hapana. Sitampeleka mgonjwa mahali penye mitungi."

Tukaanza kusikiliza sote. Bibi naye akahamia barazani na ungo wake, eti anachambua mchele. Na kweli, siku baada ya siku, sauti ikapungua. Fundi akafurahi, akatania, "Mguu wa kulia umekwisha kuokoka. Wa kushoto bado mpagani."

Mchana mmoja walikwenda, fundi msikitini, bibi sokoni, na mjomba akalala kwenye mkeka, miguu imetoka nje ya shuka. Nikaitazama. Miguu yote miwili ilikuwa inatetemeka sawasawa. Wa kushoto ulilia kidogo. Wa kulia ulitetemeka kimya. Nikainama, nikaona kwa nini: zile njuga za kulia, zilizokuwa mbali na jiko siku ile, bado zilikuwa zimeziba. Nta ilikuwa imeingia vumbi, imekuwa nyeusi kama chuma chenyewe, hata mwenyewe hakujua.

Donge jipya la nta lilikuwa mfukoni mwangu. Nta kidogo tu upande wa kushoto, na kesho yake fundi angekata. Mjomba angecheza. Nilimwona kabisa, vumbi linapanda, wazee wanatupa magongo, na mimi nimesimama pembeni nasema, huyo ni wetu. Nilililainisha lile donge kati ya vidole mpaka likawa laini.

Kisha nikasikia, kichwani tu, kesho hiyo ilivyo: miguu inatetemeka, njuga kimya, na hakuna anayesema, "Binti, uji."

Nikachagua sindano nene, ile ya ngozi. Nikaketi miguuni pake, nikaushika mguu wa kulia taratibu asiamke, nikaanza kuchokonoa nta, njuga moja, kisha ya pili yake, nikipuliza vumbi kila ufa. Ya kwanza ikasema chwa. Nikafuata iliyofuata.